Mjohoro Nilioumwagia Oili Chafu

Ipo siku ambayo sijaisahau, mwanangu, na leo nakusimulia nikiwa na hasira, maana jana nimekuona ukichoma maboksi kwenye shina la mwarobaini ulio mbele ya duka lako la simu. Nilipokuuliza, ukanijibu, "Mama, huo mti wa serikali." Ukacheka. Basi kaa unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nina cherehani na kibanda cha bati kando ya barabara ya stesheni, hapa hapa Tabora. Mbele ya kibanda ulisimama mjohoro mkubwa, nami nikauchukia. Ulificha kibao changu, ulimwaga majani mlangoni, na ndege wake walichafua nguo nilizotundika. Chini yake alikaa Mama Sesilia, mjane aliyetoka kijiji cha Kwihara, aliyeuza karanga. Mti ule aliupanda yeye. Kila kiangazi aliubebea maji kwa ndoo kichwani kutoka bombani, watu wakimcheka kwamba anaifanyia serikali kazi ya bure. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Asubuhi moja, kabla hajafika, nilichukua dumu la oili chafu kutoka gereji nikalimimina lote shinani. Kesho yake nikarudia. Baada ya muda majani yakageuka manjano, yakapukutika. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mwezi wa kumi ukaja na jua lake unalolijua. Kibanda kikawa tanuri. Akina mama waliotoka kliniki na watoto mgongoni, waliozoea kupumzika kivulini kisha kuingia kwangu kupimwa magauni, wakahamia upande wa pili wa barabara. Mama Sesilia hakuhama. Alijitanda kanga kichwani akakaa pale pale juani, mpaka mchana mmoja akaanguka kifudifudi juu ya ungo wake wa karanga. Tulimbeba hospitali, mimi na fundi baiskeli wa jirani.

Aliporudi baada ya siku nne, alichokoa udongo wa shinani kwa kijiti, akaunusa, akalitazama dumu lililolala nyuma ya kibanda changu, akaja nao mkononi hadi kwenye cherehani yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Unajua huku kwetu mtu mzima akiinyamazia shikamoo yako maana yake nini. Aliuweka ule udongo juu ya kitambaa cheupe cha mteja.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza. "Tungepunguza matawi mawili, kibao chako kikaonekana. Matawi mawili tu, binti! Umeshindwa hata kufungua mdomo?"

Mjohoro ule haukupona.

Nilipanda mche mwingine pale pale, ukafa. Wa pili nao ukafa, maana ardhi ilikuwa imeshiba sumu yangu. Ikabidi nichimbe shimo lenye kina cha kufika kiunoni na kuleta udongo kwa mkokoteni kutoka Ntalikwa, ndipo wa tatu ukashika. Mama Sesilia alifariki mche ukiwa haujafika hata begani kwangu. Hakupata kukaa kwenye kivuli chake, mwanangu, hata siku moja.

Sasa naona wewe na wenzako mnaipigilia miti misumari ya mabango, mnaisakafia zege mpaka shinani, kisha mnalalamika mji umekuwa na joto. Hamuoni aibu? Mti wa barabarani ni wa kila anayepita juani, hata yule usiyemjua jina. Ukikukera, sema, watu wazima tupo, tutatafuta namna. Lakini usiuue kimya kimya kama nilivyofanya mimi. Yazoe majivu hayo leo, na kiangazi chote kila jioni uupe ndoo moja ya maji. Usingoje mtu wa ofisini aje kukuagiza.

Hasira yangu haijaisha, ila siwezi kukulaani. Mungu akuzidishie umri, duka lako lijae watu, na uzeeni usikose mahali pa kuwekea kiti chako mchana.