Papai Bichi kwenye Mguu wa Bwana Wangu

Majina yao ninayo yote kichwani, la jirani, la muuguzi, hata la yule sipai mkalimani, askari mweusi wa serikali, na la mama yake. Sitayaandika. Wajukuu zao wako hai, tunakutana sokoni, na hata leo kuna watu wanaoulizia nani alisema nini wakati wa vita vile vya kuwaondoa wazungu.

Bwana wangu alichomwa na taa, samaki yule bapa mwenye mwiba mkiani, alipokuwa akitafuta pweza mwambani maji yakiwa yametoka. Mwiba uliingia juu kidogo ya kifundo cha mguu ukaacha tundu jeusi, la mviringo, ambalo ungeweza kutia ncha ya kidole. Wakati mwingine wowote tungempeleka kwa muuguzi mzungu pale posto, kituo cha serikali. Lakini ilikuwa vita, na mwanamume mwenye tundu mguuni alikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Kijiji cha jirani kulikuwa na mtu aliyechomwa na msumari wa mashua. Alikwenda posto kutibiwa, wakamwambia hiyo ni risasi, na mkewe hakumwona tena. Basi sisi tukasema nyumbani kuna homa. Kila aliyeuliza tulimwambia homa.

Tukamtibu kipwani. Maji ya moto, chumvi, karafuu iliyosagwa. Mwalimu wa chuo akamwandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, akanywa. Wiki ya pili donda likageuka rangi ya uji wa mahindi, na harufu ikatoka mpaka uani. Bwana wangu akaniambia nisithubutu kumpeleka posto, bora aoze akiwa kwake. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na kila nilipofungua kile kitambaa niliona mguu unaondoka na mwenyewe anaufuata.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa bara, wa kule juu uwandani, mwenye ndonya ya mti mdomo wa juu na chale usoni. Wanajeshi waliwateremsha watu wa kwao wakawatia humu kijijini, wakatuzungushia sote senyenge. Yeye alipewa nyumba ya watu waliokimbilia ng'ambo ya Ruvuma, yenye mpera uani. Kati yetu palikuwa na ukuta wa makuti tu. Asubuhi moja nikamkuta amesimama mlangoni kwangu na papai bichi mkononi.

"Huyo hana homa," akasema.

"Ana homa."

"Homa hainuki hivyo, dada."

Nani aliyemtuma? Watu wa kwao wengine walikuwa na ndugu msituni kwa wapiganaji, wengine walikuwa na ndugu waliovaa nguo za serikali, na mimi sikujua wa kwake wako wapi. Tena nikajiuliza, nyumba zote zile, kwa nini wamweke yeye ubavuni mwangu? Lakini bwana wangu alikuwa akiguna ndani, nikampisha.

Alichemsha majani ya mpera mpaka maji yakawa kama chai ya rangi, akayaacha yapoe, akaoshea donda. Papai alilimenya, akatoa mbegu, akalikuna kama tunavyokuna nazi, utomvu ukimchuruzika. Kabla ya kulibandika akapaka mafuta ya nazi kuzunguka kingo, maana utomvu ule, alisema, unakula nyama mbovu, na usipouwekea mpaka unakula na nzima. Akafunga kwa kipande cha kapulana, nguo yangu ya kujifunga. Jioni kabla jua halijazama alirudi, akatoa lile, akaweka jipya.

Mimi sikumwondolea macho. Nilihesabu majani aliyochuma. Niliangalia kama anatoa kitu kwenye pindo la nguo yake. Siku ya kwanza nilimwambia ale kwanza yeye. Akachota papai lililokunwa, akatafuna mbele yangu, akacheka mpaka ndonya ikacheza.

"Nyie watu wa pwani mnajua kula papai likiiva tu. Nikifa hapa nani atanizika, mwalimu wenu au padri wangu?"

Maganda nilimpa kuku wangu. Hakufa, wala mimi sikutulia.

Siku ya nne ule uozo ulitoka wenyewe na kitambaa, na chini yake nyama ikawa nyekundu, safi. Ningeshukuru. Lakini siku hiyohiyo, akiwa ameuinua mguu, aliniuliza bila kunitazama, "Upande wa pili haukutokea?"

Nikamwambia mwiba wa taa hautokei upande wa pili.

Akaendelea kufunga. Nami nikajua hii mikono imewahi kufunga miguu mingine, ya watu ambao tundu zao huingia huku na kutoka kule. Kuanzia hapo dawa ilivyozidi kufanya kazi ndivyo nilivyozidi kuogopa. Akikamatwa yeye, watauliza ameingia nyumba gani.

Mtu akasema. Mpaka leo sijui nani. Muuguzi alikuja mchana na sipai wa kumtafsiria, akaingia moja kwa moja kwangu. Alifungua mguu, akainama karibu sana, akabonyeza kingo. Mwiba wa taa aliujua, wala hakutaja risasi. Alichotaka ni kingine.

"Anauliza nani katibu hili," sipai akasema.

"Mimi."

"Kakufundisha nani?"

"Bibi yangu. Amekufa."

"Anasema fanya, aone."

Nikafanya. Mikono ilikwenda yenyewe. Majani, maji, mbegu, mbuzi ya kukunia, mafuta kwenye kingo kwanza, kisha papai. Yule mzungu alitazama mpaka fundo la mwisho. Halafu akauliza majani ya mpera nimeyatoa wapi, kwa kuwa uani kwangu hapana mpera. Nikasema jirani huniruhusu kuchuma. Wote wawili wakachungulia juu ya makuti. Mwenzangu alikuwa akitwanga muhogo, hakuinua kichwa. Wakaandika jina la bwana wangu, wakachukua papai lililobaki, wakaondoka.

Jioni jirani hakuja kubadilisha kitambaa. Nikamfuata mimi.

"Waliuliza nini?"

Nikamwambia yote, na kwamba sikumtaja.

"Ukafanya mbele yao? Mpaka mafuta?"

"Mpaka mafuta."

"Mimi sikukufundisha."

"Nilikuwa nakutazama."

Aliuweka mchi chini. "Ulikuwa unanitazamia nani?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia kweli, kwamba nilidhani anamuua bwana wangu. Niliona haniamini. Kwake huo ulikuwa uongo uliopangwa vizuri mno. Akaokota mchi, akaendelea kutwanga.

Siku chache baadaye alitoka lango la senyenge na wanawake wengine kwenda shamba, ana jembe na kikapu. Wakati wa kurudi mlinzi alihesabu, akahesabu tena, akapungukiwa na mmoja.

Vitambaa vya mwisho nilivifunga peke yangu. Bwana wangu alipoweza kukanyaga alishika fimbo, akasema anakwenda kuuliza majirani yule mama kaelekea wapi, ampelekee shukrani hata kwa mdomo wa mtu. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia akae ndani, na akiulizwa, aseme hamjui.