Ilikuwa Hiya, Haikuwa Lisen

Wandugu, leo niko na haya kubwa. Ninabandika karatasi hii kwenye mulango wa kantini mbele ya mwingine kuwaelezea vibaya.

Munanijua. Mimi njo yule aliyerudi na Kiingereza toka vita ya Misri.

Asubuhi, kwenye foleni ya dispansere ya Masisi, nilikuwa ninafundisha watu Kiingereza bure.

"Hiya, ni sauti kuingia tu mu sikio. Lisen, ni wewe mwenyewe kutega sikio!"

Makofi! Nikainama kama gavana.

Halafu madamu muganga, Mwingereza, akaniita nimutafsirie mama mumoja wa kijiji cha Mpofi. Mutoto wake alikuwa mugonjwa.

Mama akaanza na safari: muto uliojaa, kuku wa zawadi aliyetoroka njiani, shangazi aliyewalaza kwake usiku, sijui mizizi gani...

Nikamukata.

"Madamu, tumbo inamuuma mutoto. Minyoo tu."

(Minyoo niliitoa kwa kichwa yangu.)

Madamu akapima dawa. Kijiko kilipokaribia mudomo wa mutoto, mama akakisukuma.

"Shangazi alishamupa dawa kali ya mizizi jana! Munataka kumuua?"

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Nilisema, Papa. Kwako ilikuwa hiya."

Wale wa makofi wakaangalia miguu yao.

Nikamuomba aanze tena, tangu mutoni. Nikatafsiri yote, hata kuku. Madamu akabadilisha dawa, na mutoto sasa iko anaendelea vizuri.

Mwenye kutaka kunicheka, aje kwangu. Aseme yote. Leo sitamukata.