Mshairi wa Malori ya Theluji

Ukimwuliza Tuulikki Harju kazi yake, kaa kitako kwanza, maana atakujibu yote. Atakwambia ni mshairi. Kwamba asubuhi hupanga vitabu maktaba. Kwamba Jumanne huenda nyumba ya wazee kukusanya mashairi yao kabla hawajaondoka nayo. Na kwamba kila vuli huandika maneno kwenye malori ya kusukuma theluji ya mji wao, Thunder Bay. Atayasema hayo akitazama viatu vyako. Usimwone hana adabu. Macho ya watu humchosha, na alishaacha kujifanya hayamchoshi.

Shuleni walimwita msichana mwenye kichwa kigumu. Mwalimu mmoja, Mungu amsamehe maana mimi bado, alimsimamisha ukutani kutwa nzima kwa sababu aliambiwa angoje kidogo, naye akauliza kidogo ni dakika ngapi. Swali la maana kabisa, ukiniuliza mimi. Alipofika miaka thelathini na moja daktari akamwambia ana usonji. Wapo wanaolia wakiambiwa hivyo. Tuulikki alirudi nyumbani, akapika uji wa shayiri, akalala saa kumi na moja mfululizo.

"Kumbe ndivyo nilivyo," alimwambia mkewe alipoamka. "Miaka yote nilidhani nimeharibika."

"Mimi ningekwambia bure," Odile akajibu.

Odile Pelletier ni dereva wa lori la theluji, mwanamke wa mabega mapana asiyejua kunong'ona. Ndiye aliyempeleka Tuulikki gereji ya mji. Yale mabamba makubwa ya chuma yanayosukuma theluji mbele ya lori yalikuwa yakipambwa kila mwaka kwa picha za ndege wa barafu, na madereva walikuwa wamewachoka hao ndege. Odile akasema nyumbani kwake yupo mtu wa maneno, wampe nafasi.

Tuulikki hakuandika la kwake hata moja. Alipanda lori, akaketi kando ya dereva, wote wawili wakitazama mbele, kimya, mpaka dereva aseme kitu. Ujuzi huo alitoka nao kwao. Wafini wa mji ule, watu wa asili ya Ufini, hukaa sauna, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, bega kwa bega, mvuke ukiwachoma, nusu saa nzima hakuna anayefungua mdomo, kisha wakitoka husema leo tumezungumza vizuri. Kwa watu kama hao, mtoto asiyetazama mtu machoni hakuwa kioja. Kanuni yake ilikuwa moja tu: kinachoandikwa ni kilichosemwa, hakiongezwi wala hakipunguzwi.

Lorne Kowalchuk, ambaye maisha yake yote ni hoki na kulalamikia mgongo, alikaa naye dakika arobaini, kisha akatamka: "Mama, njia nimefungua, lala." Maneno hayo yakapita mtaani kwa mama yake majira yote ya baridi, herufi nyeupe zenye urefu wa mkono, na bibi yule alikuwa akikaa dirishani kuyangoja. Tangu hapo ni miaka kumi na moja. Watu wa mji ule hawasomi mashairi, wao wenyewe watakwambia, lakini theluji ikianguka hushika vikombe vya kahawa na kutoka kibarazani kusoma malori.

Mwaka jana likabaki bamba moja tupu, la lori namba kumi na nne. Lori hilo aliliendesha Reino Harju, baba yake Tuulikki, miaka thelathini hadi alipostaafu, na sasa dereva wake ni Odile.

"Mpe mzee," Odile alisema. "Mimi napiga kelele kila siku, yeye hajasema kitu tangu azaliwe."

Tuulikki alilitaka neno la baba yake kuliko kitu kingine chochote, wala si kwa ajili ya lori. Reino hakuwahi kugombana nao. Aliwajengea paa, alikula mezani kwao, kila Jumamosi alikuja kuoga sauna yao ya uani. Ila kwa miaka kumi na sita Odile alikuwa "yule mwenzako" tu. Hakumwita kwa jina, hakumwita mke wa mtu, hakumwita chochote. Na Tuulikki, ambaye maneno huyapokea kama yalivyo, neno hilo lilimuuma kila lilipotajwa. Alitaka baba yake aseme, hata mara moja, kwamba anajua binti yake anaishi na nani.

Basi akafanya haraka. Yeye ambaye huwangoja watu wasiomhusu hata saa nzima, alimvamia baba yake jikoni, mzee ana kikombe mkononi na mkate wa iliki mdomoni, akamuuliza papo hapo: "Baba, tuandike nini kwenye kumi na nne?"

"Aa, andika chochote," Reino akasema, akageuza gazeti.

Tuulikki akaenda gereji, akaandika: ANDIKA CHOCHOTE.

"Mpenzi," Odile alisema, akijishika kiuno mbele ya bamba, "unajua fika mzee hakuwa na maana hiyo."

"Najua. Lakini ndicho alichosema. Nikiweka kingine nitakuwa nimemlisha maneno."

Siku ya kuonyesha malori Reino alikuja amevaa koti lake la kanisani. Lorne akamwahi mlangoni. "Harju, mzee wangu! Miaka thelathini barabarani, na busara yako yote ndiyo hii?" Gereji nzima ikaangua kicheko. Reino alilitazama bamba, akavaa kofia, akaondoka zake.

Jumamosi hiyo hakuja sauna. Iliyofuata pia hakuja. Tuulikki alipiga simu akasema, "Baba, nimekukosea," na Reino akasema, "Mm," akakata. Kwa akina Harju neno hilo laweza kuwa baraka na laweza kuwa laana, mwenyewe ndiye ajuaye. Tuulikki hakula vizuri wala hakuandika. Alijua amemfanya baba yake kichekesho mbele ya watu aliofanya nao kazi. Odile alitaka afute yale maneno. Akakataa, angefuta aweke nini?

Jumamosi ya tatu mlango wa sauna ukafunguka, Reino akaingia, taulo kiunoni, akaketi kando ya bintiye kana kwamba hakuna lililotokea. Akamwagia mawe maji. Wakakaa. Tuulikki safari hii hakuuliza kitu. Akamwagia mawe maji tena.

"Walinicheka," Reino akasema hatimaye.

"Ndiyo, Baba."

"Haki yao. Uliniuliza jambo la maana, nikakujibu kama mtu anayefukuza inzi."

Hiyo kwa Reino ilikuwa hotuba. Tuulikki alidhani amemaliza.

"Kona ile ya darajani ina barafu isiyoonekana," mzee akaendelea. "Na watu wa siku hizi hawapishi malori. Theluji ikianza silali, nikijua yuko kule."

"Nani, Baba?" Aliuliza kwa sababu alitaka kujua hasa.

Reino alijifuta uso.

"Odile. Nani tena?" Kisha akasema polepole, kama mtu anayeandikisha barua: "Andika hivi. Mpisheni, huyo ni mkwe wangu."

Tuulikki alitazama mawe. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakujali.

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Na zile herufi uziongeze ukubwa."

Jumanne asubuhi theluji ya kwanza ilianguka. Odile aliingia gereji, akalisoma bamba, akalisoma tena, akamuuliza mkewe nani kayasema hayo. Alipoambiwa, alifungua mlango wa lori akamwashiria Tuulikki apande. Wakapita mtaa wa Reino, ambao haukuwa kwenye njia yake, na madereva wengine wakijua watamsema wiki nzima. Mzee alikuwa nje na koleo lake, anasafisha ngazi. Aliyasoma maneno yake mwenyewe yakimjia. Kisha akainyoosha mikono yote miwili mbele, viganja chini, akaishusha na kuipandisha: polepole, mama, polepole. Odile akashusha mwendo, na hakuupandisha mpaka walipolivuka daraja.