Muda wa Kukingoja Kisiwa

Kazi yangu ni kutunza rekodi za wagonjwa wa zahanati tatu. Seva kuu, yaani kompyuta inayohifadhi rekodi zote, iko hapa Migori; Rongo na kisiwani, upande wa Homa Bay, kuna seva za akiba zinazopokea nakala ya kila tunachoandika. Seva ya akiba ikikaa kimya kupita muda tuliouweka, seva kuu huihesabu imekufa na kuikatia mawasiliano. Muda huo ulikuwa mmoja kwa zote.

Rongo hujibu upesi. Mtandao wa kisiwani huvuka ziwa hewani, na mvua ikinyesha jibu hukawia. Kwa hiyo kila mvua tulikikata kisiwa, na rekodi zake zikabaki nyuma.

Asubuhi moja, baada ya siku mbili za mvua, muuguzi wa kisiwani alinipigia. "Baba yako yuko hapa, amekuja kuchukua dawa ya presha. Si daktari wa huko Migori alimbadilishia juzi? Huku kwa kompyuta bado naona ile ya zamani."

Ile ya zamani ndiyo iliyompa kizunguzungu akaanguka mlangoni. Nilimsomea muuguzi dawa mpya kutoka seva kuu.

Mchana nilimwendea mkubwa wangu damu ikinichemka. Nilimsimulia ya baba, nikamwambia kila seva iwe na muda wake. Yeye ni mtu wa haraka haraka haina baraka, ila chai yake ikichelewa utamsikia.

"Tukingoja sana, Rongo ikizima tutajuaje? Sheria ni moja kwa wote."

"Rongo ibaki ilivyo. Hata vidole vya mkono havilingani."

Hakukubali. Hata hivyo alitaka kumpa baba pole, maana aliwahi kula samaki kwake, akampigia. Simu iliita, ikaita, akakata.

"Hayuko."

Hata hajaiweka mezani, ikalia. Sauti ya baba ilijaa ofisini.

"Nani amenipigia akakata?"

"Pole, mzee. Ni mimi. Nilidhani hauko."

"Mimi niko. Simu iko kwa nyumba, mimi niko kwa mbuzi, na magoti ndio haya. Ukipigia mzee, ngoja."

Mkubwa wangu alicheka, akaiweka simu mezani. "Ongeza muda wa kisiwa," alisema. "Rongo usiiguse."

Niliuongeza jioni hiyo, mvua ikiwa imeanza. Kisiwa kilinyamaza. Muda wa zamani ukapita, nikashikwa na hofu, kisha kikajibu.

Nikampigia baba kumuuliza kama kizunguzungu kimeisha. Simu iliita sana. Nikangoja.