Acha na Achia

Mtaani walimwita Breki, na jina lenyewe lilikuwa la utani, kwa kuwa mkokoteni wake haukuwa na breki. Ulikuwa na magurudumu mawili ya gari bovu, mbao nne ndefu, mikono miwili ya kushikia kule mbele, na chini ya mkia wake vipande vya tairi kuukuu vilivyogongomewa misumari. Akifika mteremkoni aliinua ile mikono, mkia ukashuka, tairi zikasugua barabara, mbio zikapungua. Siku ambayo mzigo wa nyuma ulizidi, mikono ilipanda naye juu akabaki ananing'inia, na wapita njia wakamwuliza kama anasafirisha mzigo au mzigo ndio unaomsafirisha.

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa, na Mungu alimjalia mgongo. Shule hakukaa sana, ila tabia za vitu alizijua kama mama anavyojua za wanawe. Alijua kabati husukumwa chini, karibu na miguu, maana ukilisukuma juu litakuinamia kukusalimia. Alijua ukitandika gunia chini ya miguu ya kitanda, kitanda huenda kama kilichoitwa. Na alikuwa na msemo wake: kitu kilicholala hakitaki kuamshwa, na kikishaamka hakitaki kulala. Mkewe alisema nusu ya kwanza ya msemo huo anaiona nyumbani kila siku ya mapumziko. Nusu ya pili bado anaisubiri.

Mtu ambaye hakuiona kazi hiyo kuwa kazi alikuwa mama mkwe wake. Hakuwa mtu mbaya, mama yule. Alisali, alitembelea wagonjwa, na hakumsema mtu ila kwa sababu. Lakini mjomba aliyekwenda kumposea Breki alisema kijana ana chombo chake cha usafiri, na hakusema uongo. Mama akaelewa gari. Siku ya kwanza kuuona mkokoteni, aliuzunguka mara mbili kama anayetafuta mlango.

Sasa mama huyo alikuwa anahama. Nyumba yake ilikuwa juu kilimani, na vyumba vipya vilikuwa chini kabisa, jirani na binti yake. Vitu vingine si hoja. Hoja ilikuwa kabati. Marehemu mumewe, fundi seremala, alilitengeneza kwa mikono yake, akalitia vioo viwili virefu mlangoni, na hakuna kitu kingine cha mkono wake kilichobaki. Mama alitaka lori. Dereva wa lori akaja, akautazama uchochoro mwembamba wa kupandia kilimani, akacheka, akaondoka.

"Mpe mume wangu, mama," binti alisema.

Mama alikubali kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. Pembeni mke alimwambia Breki kwamba kioo cha baba kikifika kizima, mama hatamdharau tena. Kikivunjika, asirudi nyumbani moja kwa moja, azunguke kwanza.

Asubuhi Breki alipanda kilima mapema. Alilitoa kabati taratibu, akalilaza juu ya magodoro katikati ya mkokoteni. Likabaki sanduku la bati la vyombo, zito kama deni la roho. Yeye alitaka likae nyuma, ili mkia uwe mzito na tairi zishike barabara. Mama akasema, kwa upole, kwamba kizito ndicho hutangulia.

Mama mkwe habishiwi. Sanduku likatangulia.

Walipofika mwanzo wa mteremko alijaribu kuinua mikono. Ilikuwa kama kuinua mlango walioukalia watu wanne. Mkia haukushuka hata kidole, na tairi zake zilikuwa zinapunga hewa. Basi alifunga kamba ndefu nyuma, akatazama huku na huku kutafuta mpita njia wa kuishika. Mama akaichukua yeye. Alisema ameshika ng'ombe ujanani, na ng'ombe ana akili kuliko mbao.

Wakaanza kushuka. Mama alivuta, akalegeza, akavuta tena kwa ghafla, kama anayemkumbusha ng'ombe adabu. Kila alipovuta, mkokoteni ulishtuka na kurudi, lakini kabati halikurudi nao. Lilisogea mbele upana wa kidole. Breki aliyasikia magodoro yakiteleza nyuma ya kichwa chake. Kidole kimoja, viwili, vitatu. Hakuweza kugeuka. Alitaka kumwambia mama akome kuvuta hivyo, aishike kamba kwa nguvu moja tu. Maneno marefu kama hayo hayasemeki mteremkoni.

"Acha, mama," alisema.

Kwa miaka kumi na moja mama huyo hakuwahi kumsikiliza mkwewe hata alipomwambia chai ni ya moto. Siku hiyo alimtii kwa neno moja. Akaachia.

Mtu hajui ana miguu mirefu kiasi gani mpaka asukumwe na kabati la baba mkwe wake. Breki alikimbia hatua ambazo hakuzipiga hata utotoni. Aliona kwamba akisimama, mzigo utapita juu yake. Akiuachia, utaingia mwenyewe dukani kwa mtu. Mbele palikuwa na ukuta. Kulia, mbele ya kibanda cha kinyozi, kulikuwa na lundo la mchanga wa kujengea. Akamwomba Mola, akakata kulia.

Mchanga uliyameza magurudumu, mkokoteni ukasimama papo hapo. Sanduku halikuwa na habari. Liliruka juu ya mikono ya mkokoteni, likampita Breki ubavuni, likafunguka, na mfuniko wa sufuria ukatoka ukibingirika peke yake hadi chini kabisa ya kilima. Kabati nalo likaanza kuja. Breki aligeuka, akainama, akaliwekea mgongo. Lilimsukuma kifudifudi mchangani kama mtu aliyesujudu, likamlalia, likatulia.

Mama alifika akihema. Kinyozi naye alikwishatoka, wembe mkononi, na mteja wake nyuma, kichwa nusu kimenyolewa.

"Umesema niache," mama alisema.

"Nilisema uache kuvuta-vuta, mama," ilijibu sauti kutoka chini ya kabati.

"Hukusema kuvuta-vuta. Umesema acha."

Kinyozi, mtu wa kupenda kufundisha, alieleza kwamba acha ni kukoma, na achia ndiyo kutoa mkono.

"Na mimi," mteja akauliza, "umeniacha au umeniachia?"

Mama hakucheka. Alikuwa amechutama mbele ya kabati akifuta kioo kwa pindo la nguo yake, polepole, kutoka pembe hadi pembe, kisha cha pili. Hapakuwa na ufa. Akaipapasa na mbao.

"Baba," alisema, "mbona mkokoteni umesimama, kabati likaendelea?"

"Lilikuwa likikimbia pamoja na mkokoteni, mama. Mchanga umeushika mkokoteni. Kabati halikushikwa na kitu."

"Umelishika wewe."

Breki alianza kutema mchanga. Ulikuwa umemjaa mdomoni. Mama aliwaamuru kinyozi na mteja wake wamnyanyue mkwe wake, akisisitiza waanze na mkwe, na kinyozi akajibu kwa heshima kwamba bila kuanza na kabati haiwezekani.

Walipokwisha kuokota vyombo, mama alisimama kando ya sanduku.

"Wewe ungeliweka wapi hili?"

"Nyuma, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni mama mkwe."

"Mteremkoni mimi ni mzigo kama mizigo mingine," alisema. "Sema."

Basi akasema. Sanduku likaenda nyuma, kabati likafungwa kwa kamba pande zote, na Breki akainua mikono ya mkokoteni kama anayeinua fagio. Tairi zikauma barabara. Mama alitembea nyuma, akiuliza kila mara kama ashikilie au alegeze, na Breki alimjibu kila mara, ingawa hakukuwa na haja ya kamba hata kidogo.

Binti aliwasubiri mlangoni, mfuniko wa sufuria mkononi, macho yamemtoka. Alimwuliza mama yake kumetokea nini.

"Mumeo anaongea kidogo mno," mama alisema. "Lakini kazi anaijua." Kisha akamgeukia Breki, aliyekuwa akijikung'uta mchanga masikioni. "Kunywa maji, baba, turudi juu. Kitanda bado. Na kamba ninashika mimi."