Kapteni Malimi na Mpwa Wake

Kabla watu wa Mwanza hawajamzoea kwa jina la Kapteni, Nestory Malimi alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi huko Kisesa, na kabla ya hapo alikuwa mtoto wa mgongoni kwa dada yake. Mama yao alifariki Nestory akiwa hajaanza hata kutambaa. Evelina, kifungua mimba, ndiye aliyembeba, akamlisha, akamwogesha. Alipoolewa Magu na mkulima wa pamba aitwaye Chenge, alikwenda na mdogo wake hukohuko kwa mume, na Chenge hakunung'unika. Alimsomesha shemeji yake kwa pamba ileile iliyokuwa ikiwalisha wote.

Na pamba hiyohiyo ndiyo iliyomwonyesha ndege. Msimu wa wadudu zilikuja ndege ndogo za kunyunyizia dawa, zikashuka mpaka ukauona uso wa rubani, kisha zikanyanyuka juu ya miti na kuacha harufu kali iliyokaa puani kutwa nzima. Nestory aliziangalia akiwa mwanafunzi, akaziangalia tena akiwa mwalimu na chaki mkononi. Serikali ilipotangaza kwamba inatafuta vijana wanaojua hesabu wakasomee urubani, aliomba. Alipelekwa Soroti, Uganda, enzi zile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ingali hai. Aliporudi na leseni akaomba apangiwe kazi ya kunyunyizia dawa, ili Evelina amwone akipita juu ya shamba lake.

Kazi ile ilimkomaza, lakini ilimfundisha pia kuzika. Rafiki yake mmoja alinasa kwenye waya wa umeme ambao msimu uliotangulia haukuwepo. Mwingine alikata kona ya ghafla ili kuwafurahisha wasichana waliokuwa wakifua mtoni, ndege ikamlalia. Nestory alisaidia kuwabeba wote wawili. Tangu hapo alichukia madoido hewani kuliko kitu chochote, na alipopandishwa cheo na kuanza kuwafundisha wengine, wanafunzi wake walimwogopa kidogo.

Ikaja miaka ya tisini. Biashara ikaachiwa huru, mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu, na Nestory akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mwanza nako kulikuwa kunabadilika. Viwanda vya minofu ya sangara viliota kando ya ziwa, wageni wakafurika hotelini, dhahabu ikawa inazungumzwa kila baraza. Mfanyabiashara mmoja wa Bukoba, Venant, akanunua ndege ndogo tatu na kuanzisha kampuni aliyoiita Korongo. Baada ya MV Bukoba kuzama mwaka 1996, watu wengi wenye uwezo hawakutaka tena kukanyaga meli. Wakawa wanapanda ndege za Venant.

Venant alimtaka Nestory arushe. Daktari akakataa kumpa cheti cha afya, kwa sababu ya presha. Nestory alikaa nyumbani mwezi mzima akimwangalia mkewe Hellen akipepeta mchele. Ndipo Venant akamfuata na kumwambia, "Kapteni, mimi najua kununua ndege. Sijui lini ndege haipaswi kuondoka. Njoo uniambie wewe." Akamfanya mkuu wa mafunzo na usalama. Marubani vijana wakawa wanakuja na leseni mpya kutoka nje, na Nestory akawa anakaa kiti cha pembeni, akiwafundisha ziwa: jinsi linavyopika mvua alasiri, na jinsi maji na mbingu vinavyoweza kuwa rangi moja mpaka rubani asijue kipi ni kipi.

"Usipouona mstari wa mwisho wa maji, geuza," aliwaambia. "Usiutafute. Geuza urudi. Abiria watakutukana wakiwa hai."

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Shimba, mtoto wa mwisho wa Evelina.

Chenge alikuwa ameshafariki, na Shimba ndiye aliyebaki na mama yake. Alisomea urubani Nairobi kwa mchango wa ukoo, na fungu kubwa lilikuwa la mjomba. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye mikono mitulivu kwenye usukani, na anayependa kuvaa shati jeupe hata siku ambazo hana safari. Kila mtu alidhani mjomba wake angembeba. Mambo yakawa kinyume. Nestory alimweka kiti cha pembeni muda mrefu kuliko wenzake.

"Mjomba, mimi na Odeta tulianza pamoja," Shimba alimwambia siku moja wakiwa wanafunga turubai la ndege. "Odeta sasa anaruka peke yake. Mimi bado."

"Hapa uwanjani mimi si mjomba wako."

"Nyumbani mama ananiuliza. Nimjibu nini?"

"Mjibu kwamba namtaka mwanawe azeeke."

Muda wa kupimwa ulipofika, Nestory alikataa kumpima mwenyewe. Aliomba mtahini kutoka Dar es Salaam, mtu asiyemjua Shimba wala ukoo wake, ili pasiwe na neno. Shimba akafaulu vizuri. Evelina alipika pilau, akawaita majirani, akamwambia mdogo wake mbele ya wote, "Umenichelewesha, lakini nimesamehe." Watu wakacheka.

Mvua za mwishoni mwa mwaka 1997 hakuna aliyezisahau. Zilinyesha kama vile mbingu imekosa mlinzi. Madaraja yalikatika, barabara zikawa mito, na kila mwenye haraka alikimbilia ndege. Wiki ya mwanzo ya Novemba, Shimba alikuwa akienda Bukoba, akakuta ukuta wa mvua juu ya ziwa, akageuza. Abiria walimzomea waziwazi. Mmoja akasema kwamba dereva wa lori ana moyo kuliko yeye. Nestory aliwakusanya marubani wote kesho yake, akamsimamisha Shimba mbele yao, akasema, "Hivi ndivyo ninavyotaka." Venant naye alikuwepo, akampa mkono. Kwa hiyo baadaye, watu walipotaka kusema kwamba kijana alisukumwa na tajiri, Nestory alijua kwamba sivyo.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi ilikuwa nyeupe, imetulia. Shimba aliondoka kwenda Bukoba na abiria mmoja, mnunuzi wa samaki aitwaye Owiti, Mjaluo wa upande wa Mara, mtu mnene mpole ambaye marubani wote walimpenda. Nestory mwenyewe aliangalia hali ya hewa pamoja na Shimba, akaridhika. Alisimama kando ya ndege, akasubiri injini ishike, akapunga mkono.

Akiwa amesharudi ofisini, muongozaji ndege akamwita mnarani. Shimba alikuwa amesema kwenye redio kwamba mbele kumefunga, na kwamba anashuka chini kidogo ayaone maji. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Muongozaji alimuuliza kama anageuza. Akajibu, "Subiri kidogo." Baada ya hapo akaitwa, akaitwa tena. Nestory aliichukua redio mwenyewe. Hakuita namba ya ndege. Aliita, "Shimba. Shimba, mimi mjomba."

Wavuvi wa kisiwa cha Maisome ndio waliowapata. Walisema waliisikia ndege ikiunguruma vizuri ndani ya mvua, ikapita juu ya mitumbwi yao chini sana, ikainama upande mmoja kama inayopinda, na bawa likagusa maji. Walikwenda kwa kasi lakini hapakuwa na wa kuokoa.

Miili ililetwa kwa njia ya Sengerema. Nestory aliisubiri Kigongo, kwenye gati la kivuko, na Hellen amesimama karibu yake na mwavuli ambao haukusaidia kitu. Kivuko kilikuja polepole kutoka Busisi kikiwa na ng'ombe, baiskeli, na gari dogo lililofunikwa turubai. Wauza mahindi ya kuchoma walisogeza majiko yao pembeni. Nestory alipanda ndani kabla watu hawajashuka, akaweka kiganja juu ya turubai, akakaa hivyo mpaka dereva alipomwambia kwa upole, "Mzee, tunazuia wenzetu."

Walimzika Shimba Magu, kando ya baba yake. Evelina hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, mikono mapajani, na kila aliyempa pole alimwitikia kwa kichwa tu.

Siku ya kuanua matanga, watu walipoanza kutawanyika, alimwita Nestory chumbani, akafunga mlango.

"Shikamoo, dada," Nestory alisema. Alishamwamkia asubuhi, ila hakupata neno jingine.

"Marahaba. Kaa." Evelina alibaki amesimama. "Wakaguzi wa ajali wanakuja kutoka Dar. Watakuuliza wewe."

"Wataniuliza."

"Huku watu wanasema mwanangu ameua mtu. Nimelisikia kisimani, nimelisikia kanisani. Mke wa yule marehemu ana watoto wadogo. Sasa wewe utawaambia wakaguzi injini ilizimika."

Nestory aliangalia mikono yake. "Haikuzimika, dada. Wavuvi waliisikia."

"Wavuvi wanajua nini kuhusu injini? Wewe ndiye unayejua. Ukisema imezimika, imezimika."

"Na hao vijana wengine ninaowafundisha? Wataamini kwamba Shimba alifanya sawa, injini ndiyo mbaya. Kesho mmoja atafanya vilevile."

"Hao vijana wana mama zao." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilikubeba mgongoni, Nestory. Sijawahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha. Mwanangu amekwisha kufa. Niachie jina lake."

Nestory alitaka kumshika mkono, lakini Evelina aliurudisha nyuma. Nestory akatoka bila kuwa ameahidi chochote, na wote wawili walijua maana yake.

Wakaguzi walikaa katika chumba kidogo pale uwanjani. Walikuwa watu waungwana. Mmoja alimuuliza kama angependa mwingine azungumze kwa niaba ya kampuni, kwa kuwa marehemu alikuwa mpwa wake. Nestory akasema hapana, mwalimu wake alikuwa yeye. Akaeleza yote: hali ya hewa, maneno ya redio, ushuhuda wa wavuvi, hali ya ndege kwa jinsi mafundi walivyoitunza. Mwisho akaulizwa maoni yake.

"Alikosea," alisema. "Alishuka kuutafuta mstari wa maji badala ya kugeuza. Alipoamua kugeuza alikuwa chini mno, hajui maji yako wapi." Kisha akaongeza, "Alikuwa rubani mzuri. Andikeni na hilo, kama panafaa."

Nje, kwenye benchi, alimkuta Akeyo, mjane wa Owiti, aliyekuja na shemeji yake kutoka Musoma. Nestory hakuwa amemwona tangu msiba. Akapiga magoti kidogo mbele yake kama mtu anayeomba radhi.

"Mama, mumeo alikufa kwa kosa la kijana wetu," alisema. "Sikutaka ulisikie kwa watu."

"Kila mtu ananieleza habari yake," Akeyo alisema kwa Kiswahili cha polepole. "Mmoja anasema jini wa ziwa, mwingine anasema amerogwa kwa wivu wa biashara. Mimi nilikuwa nimeanza kumwogopa kaka wa mume wangu." Akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Afadhali nimejua. Yule kijana alikuwa na mama?"

"Anaye. Ni dada yangu."

"Mpe pole yangu."

Nestory alikwenda Magu jioni ileile kuifikisha. Evelina alikuwa ameshasikia. Alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani, akaisikiliza ile pole mpaka mwisho.

"Nimeipokea," alisema. "Sasa nenda, giza linaingia."

Nestory alidhani ni hasira ya msiba, itapoa. Haikupoa. Alimtuma Hellen, akamtuma katekista, akawatuma wazee wa ukoo. Evelina aliwapikia wote, akawasindikiza wote mpaka barabarani, na kwa kila mmoja akasema kwamba hana ugomvi na mtu. Mwaka ukaisha. Hellen alimuuliza mumewe mara moja tu, wakiwa mezani, kama anajuta. Nestory alitafuna, akameza.

"Ningesema uongo, ningekuwa naye leo," alijibu. "Najuta. Lakini ningeulizwa tena ningesema vilevile. Sijui hiyo inaitwaje."

Kazini aliendelea. Kila rubani mpya aliyefika Korongo alimweka chini na kumsimulia ajali ya Maisome, tangu hali ya hewa ya asubuhi mpaka bawa lilipogusa maji, na hakuficha jina. Wengine walidhani ana moyo wa jiwe. Odeta, ambaye sasa alikuwa rubani mkuu, alijua kwamba baada ya somo hilo Kapteni huenda kukaa ndani ya ndege iliyoegeshwa, kiti cha pembeni, na hamruhusu mtu yeyote amwite mpaka ashuke mwenyewe.

Presha ilimlazimisha kustaafu mwishoni mwa mwaka 1999. Baada ya hapo alikwenda Magu kila Pasaka kupalilia kaburi la Shimba na la Chenge. Hakubisha hodi. Alishika jembe, akalima taratibu huku akipumzika, kwa maana pumzi ilikuwa imepungua. Alipomaliza alimwona Evelina akitoka jikoni na sahani iliyofunikwa. Aliiweka juu ya kigoda kivulini, na maji ya kunawa pembeni yake, akarudi ndani bila kugeuka. Kilikuwa chakula kizuri, ugali wa mtama na samaki, kama alivyokipenda tangu utotoni. Nestory alinawa, akala peke yake, akaosha sahani na kuiacha juu ya kigoda. Akasema "Asante, dada" kuelekea mlangoni, akangoja kidogo, kisha akaenda kutafuta gari la kurudi Mwanza.