Injini ya Boti Katikati ya Majani Chai

Mimi ndiye fundi bora wa injini za boti Kericho nzima.

Sawa, Kericho hakuna boti.

Lakini injini iko. Imefungwa kwenye gogo nyuma ya nyumba yangu, mkia wake ndani ya pipa la maji, na chai pande zote. Mume wangu Oketch aliinunua akistaafu kiwandani, ati turudi nayo kwetu ziwani.

Alirudi yeye peke yake, ndani ya sanduku.

Nikabaki na injini, na majirani wanaonisalimia wakitembea, bila kusimama.

Kila Jumamosi naiwasha. Inanguruma mpaka wachuma chai wanainua vichwa. Angalau wananitazama.

Siku moja ikaanza kulia piii, moto kama jiko. Nikamwita Kepher, fundi mzee wa hapa kwetu, naye alifiwa na mke. Akafungua kava.

"Mama Gordon, themostati imekufa. Haka ndiko kamlango ka maji. Kasipofunguka, injini inachemka."

Akaweka mpya. Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, ilikuwa imeraruka. Akaikwangua, akakata nyingine na makasi yangu, polepole, kama anakata nguo ya harusi. Akanywa chai mpaka birika likakauka.

Jumamosi iliyofuata, piii tena.

"Hii pia imekufa," akasema.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mimi nikaanza kupika chapati.

Halafu kijana wangu Gordon akapiga simu kutoka Nairobi.

"Mama, hiyo kitu kama haijapona, Jumapili nakuja na pikapu. Inaenda skrapu, iuzwe kwa kilo."

Injini ya baba yake.

Jumamosi Kepher akatoa themostati, akatikisa kichwa kama daktari. "Imeenda kabisa."

Nikamnyang'anya. Nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya chai, kabla sijaweka majani. Maji yakatokota. Kamlango kakafunguka taratibu, kama mdomo wa kifaranga.

"Kepher, maiti imeamka."

"Labda ni maji yako."

"Sema ukweli, baba."

Akaangalia viatu vyake. "Kwangu hata redio imechoka kuongea na mimi."

Nikampa somo hapo hapo, na nyinyi mnaosoma mshike: upweke si aibu, lakini ukitaka chai ya mtu, sema unataka chai. Usimdanganye mjane.

Akakubali yote. Akarudisha themostati, akaweka gasketi mpya, akakaza bolti. Kisha akabeba ndoo, akajaza pipa mpaka juu, akavuta kamba.

Injini ikaimba bila piii hata moja. Gordon aje na pikapu tupu, arudi nayo tupu.

Kepher akafuta mikono.

"Pipa likiwa nusu, Mama Gordon, injini inanyonya hewa badala ya maji ya kuipoza. Lazima ichemke. Na mimi kila Jumamosi nalikuta nusu. Nani hupunguza maji?"

"Linavuja," nikasema.

Akainama, akapapasa chini ya pipa.

Kukavu.